Boliti Nilizozipanga Mimi

Jumamosi, kiangazi cha mwaka 2025, saa mbili asubuhi.

Akai, wewe unayebaki na watoto, uji wao umo katika chupa ya chai. Maji ya dumu la buluu yasiguswe. Ni ya rejeta ya gari.

Nimekwenda Kakuma kwa matatu. Mjukuu wa rafiki yangu Immaculée anabatizwa saa nane, nami ndimi msimamizi wake wa ubatizo. Siwezi kuchelewa kwa kungoja gari letu. ~~Wala sitalipanda tena gari la Ewoi.~~ Nimeufuta mstari huo kwa kuwa haukuwa wa haki.

Ewoi, mjukuu wangu, siku tatu umelala chini ya gari, simu sikioni, ukisikiliza timu yako ya kriketi ikishindwa. Jana nilikwambia mbele ya watoto, "Fundi na timu yake ni wamoja: hodari wa kuanza." Ukacheka, "Nyanya, wewe ngoja tu, siku yetu itafika."

Leo, ulipokwenda dukani kutafuta boliti nyingine, Akai amenieleza kwamba zile za pampu ulizitandaza juu ya gazeti, kila moja mahali pa tundu lake. Mimi ndiye niliyeziokota Jumatano nikifagia, nikazipanga mikebeni kwa urefu, kama nilivyopanga penseli darasani miaka thelathini. Nilidhani ninakusaidia, kumbe nilikuvurugia, usijue tena ipi ni ya tundu lipi.

Nimechoka, lakini aibu niliyokutia mbele ya watoto sitaiacha ilale. Akai, waite watoto, uwasomee kwa sauti: Ewoi hakukosea. Aliyekosea ni mimi, naye namwomba radhi.

Nyanya yenu