Nilipoomba Kura Darasa la Kwanza

Endarasha

Mjukuu wangu Wangechi,

Huku tuko wazima. Viazi vimeota, na yule ng'ombe mkorofi amezaa ndama jike. Unaniuliza kama ukatae kusoma hotuba ya kumaliza shule huko Mombasa, kwa sababu wenzako wanacheka ile "r" yetu ya Nyeri.

Nikiwa darasa la kwanza, njaa ilinizidi asubuhi mapema. Nikasimama, nikasema, "Mwalimu, naomba kura." Nilitaka kula! Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akauliza darasa, "Nani anampa?" Mikono yote ikainuka. Basi nikawa kiranja, na njaa yangu palepale.

Ukiranja haukunitoka mpaka kidato cha nne. Siku ya kuagana nikapewa kazi ya kukaribisha wazazi mezani. Nilikuwa nimejizoeza wiki nzima, lakini ulimi ni wangu ule ule: "Wazazi, karibuni kura!" Walicheka wote, ila hakuna aliyepotea njia ya kwenda kwenye sufuria.

Isome, mama. Nitakaa kiti cha mbele. Kura yangu unayo, na cha kula nitakubebea.

Shosho wako