Hema, Fulia

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini mu wazima, wewe, shemeji na mwanao, Kibogoyo wetu. Sisi tunaendelea. Simu yako haipatikani tangu jana, na najua kesho unampeleka Kibogoyo kung'olewa jino lililooza. Tafadhali nisome kwanza hadi mwisho.

Unakumbuka Mama alivyotangaza kwamba mwanangu ana kifua? Alimpeleka hospitali kwa kutokwa damu puani, mimi nikiwa nimezama kwenye mashuka ya wateja. Akarudi amenuna, akasema daktari kamwambia waziwazi: hema, fulia. Yaani mtoto anahema kwa sababu ya kufulia kwangu! Nilisemwa mpaka masikio yakachoka. Mtoto akahamishiwa chumbani kwa Mama, mbali na mvuke na sabuni, nawe ukanicheka kwamba dobi nimeshindwa kesi.

Jana mwanangu alianguka, akajing'ata ulimi. Damu haikukata. Taulo zikaniishia, nikakimbia naye hospitali. Nilipomweleza muuguzi habari za mvuke, alinikodolea macho. Kisha akalikata neno polepole: he-mo-fi-li-a. Akasema lina asili ya Kigiriki. Hemo ni damu, filia ni kupenda, kuelekea. Yaani damu inayopenda kutoka, haigandi upesi. Dada, nilipigwa na butwaa. Ugonjwa kama huu, halafu ndani yake wametia kupenda! Na sisi muda wote huo tunagombana na sabuni.

Amepewa dawa ya kugandisha damu, sasa amelala. Lakini daktari aliuliza kama upande wa Mama kuna mwanamume aliyewahi kuvuja damu hivyo. Mama, aliyekuwa ametufuata hospitali, akajifunika uso. Akamtaja mjomba, yule aliyekufa baada ya kung'olewa jino, mtaa mzima ukamfukuza mng'oa meno ukimwita muuaji. Daktari akasema wanawake huubeba ugonjwa huu bila kuumwa, wakawarithisha wana wao wa kiume. Mimi nimeshamrithisha wangu. Wewe hatujui.

Usimpeleke Kibogoyo, Dada. Apimwe damu kwanza. Mume wangu anakuletea barua hii mkononi, asiondoke kabla hujaisoma.

Mama anakusalimu. Ameniambia nikuandikie kwamba anaomba radhi kwa kutuzaa. Nimemkatalia katakata, na bado neno lake nimeliandika.

Mkumbatie mtoto, taratibu.

Mdogo wako,
Dobi