Siku Niliyompasua Mama Neema Kichwa

Alhamisi, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Jua kali, vumbi, na hasira ambayo bado haijanitoka mwilini.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kuume umevimba na alama za meno zinaonekana.

Leo nimempasua mtu kichwa.

Mama Neema ni jirani yangu. Wote tumetoka Kivu Kusini, na kwenye kwaya tunakaa benchi moja. Mimi najitolea kupima maji. Nachota ya mtoni kwenye chupa ndogo yenye karatasi ya dawa, nangoja siku mbili. Yakigeuka meusi, yana mavi. Wiki iliyopita yaligeuka meusi kama masizi. Nikapita nyumba zote nikitangaza: maji ya mto msinywe bila kuchemsha.

Asubuhi nimepita kwake. Neema, mtoto wa miaka minne, ameketi mlangoni anakunywa maji yenye rangi ya chai. Sikusalimia hata. Mwanangu Baraka alikufa kwa kuhara mwaka wetu wa kwanza hapa, kwa maji niliyomchotea mimi mwenyewe. Nikakipiga kile kikombe kwa nguvu zangu zote.

Kilikuwa cha bati. Kikamgonga mtoto mdomoni, damu ikatoka.

Mama yake akaja mbio kutoka nyuma ya nyumba.

"Unamupiga mutoto wangu?"

"Wewe ndiye unamuua! Si nilikwambia uchemshe?"

"Bomba imekauka siku ine! Akunywe nini, karatasi yako?"

Kofi likanipata sikioni. Nikamkamata nywele. Akaning'ata mkono mpaka nikasikia meno yanagusa mfupa. Pembeni kulikuwa na bidoni ya lita tano, imejaa maji. Nikaiinua, nikamshushia. Akaangukia jiwe la jiko, paji la uso likapasuka.

Hapa sitajidanganya: niliiinua mara ya pili. Majirani ndio walionizuia. Hata nilipokuwa nimeshikwa mikono yote miwili niliendelea kumtukana, na mtoto analia pale pale, kidevu kimejaa damu.

Kituo cha afya kikatutuma hospitali ya Mbarara. Nilipanda gari pamoja naye, hakuna aliyeniomba. Njia nzima nilibana kitambaa kwenye jeraha lake. Tulipita Isingiro, tukafika mjini, hajaniangalia.

Hospitalini nesi alimvua blauzi iliyolowa damu. Mgongo wote ulikuwa na mistari ya fimbo, mingine bado mibichi.

"Na hii ya mgongo, nani alipiga?" nesi akauliza, macho yake kwangu.

"Si huyu," Mama Neema akasema. "Ni mwenye shamba. Juzi alinikuta naokota kuni kwake."

Kisha akanigeukia, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Ulisema tuchemshe."

Nilitoka nje.

Wamemshona nyuzi tisa. Amelazwa mpaka kesho. Polisi wa pale alipomuuliza kichwa kimepatwa na nini, alisema aliteleza jikoni. Sijui kama ni huruma au ni dharau. Ningependa angenitaja.

Neema yuko kwa mama yake mdogo. Niliporudi jioni, aliniona kwa mbali akajificha nyuma ya mlango.

Nilipita nyumba zote hizo kifua mbele, chupa nyeusi mkononi, nikiwaagiza watu wachemshe. Hata nyumba moja sikuuliza kuni zinatoka wapi. Najua jinsi wenye mashamba wanavyowafanyia wanawake wetu wakiwakuta. Kila mtu hapa anajua. Mimi nilijua, nikanyamaza, kwa sababu kazi yangu ilikuwa maji tu.

Nina nusu gunia la makaa. Kesho nitalipeleka kwa Mama Neema. Akinifungia mlango, nitaliacha nje.

Halafu nitarudi kwenye zile nyumba zote, moja baada ya nyingine, niulize: nani mwingine alipigwa kwa sababu alinisikiliza?