Shikamoo kwa Kuruthumu

Zuhura, soma kwanza, usipige.

Si unajua leo Baba kanileta Bagamoyo kutembea? Kufika magofu ya Kaole, tukamkuta Kuruthumu anatusubiri. Kuruthumu yule yule tuliyekaa naye dawati moja sekondari.

Baba akasema, "Mina, huyu ni mama yako mdogo. Nimemuoa baada ya Idi. Mwamkie."

Nikamwamkia. Zuhura, nimempa Kuruthumu shikamoo. Akaitikia "marahaba" huku anatazama chini.

Tumezunguka naye makaburi yote, tumekula naye samaki ufukweni, na mpiga picha ni mimi.

Mama hajui lolote. Ameandika sasa hivi kutoka nyumbani: "Mbona hunitumii picha za baba yako?"

Nimejifungia chooni, nazitazama. Kuruthumu yumo zote.