Elkanah Tuliyemzika Sisi

Awendo,
Jumatano.

Dada yangu Lynnet,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, nikiamini barua hii itawakuta wazima huko Lodwar na kwamba lile joto halijawamaliza. Mgongo wako unaendeleaje? Na Liz amezoea shule mpya ama bado analia asubuhi? Sisi huku tuko wazima wa kutembea. Mama anakohoa lakini anakula. Mvua imekuja vibaya, miwa imekwama mashambani na barabara ya kwenda kiwandani ni matope matupu. Mimi mwenyewe nimechoka, dada. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Nitakueleza.

Najua utashangaa kuona barua na simu iko. Lakini mume wangu Boaz anashinda nami hapa hotelini tangu chai ya asubuhi mpaka nifunge, na mambo haya sikutaka anisikie nikiyasimulia kwa sauti kana kwamba ni umbea. Sasa ameenda kunyoa, kwa hivyo naandika mbio mbio juu ya meza ya chapati. Ukiona mafuta kwenye karatasi, nisamehe.

Ulisikia kwamba Elkanah Ogola alikufa. Ndiye aliyetunga muziki wa ile tamthilia ya saa moja jioni, ya mama mkwe na shamba la urithi, pamoja na filamu zingine nyingi. Redio ilitangaza nikiwa nakanda unga, na wateja wakaacha chai ikapoa. Unajua watu huja kwangu kwa televisheni kuliko kwa chakula. Ile nyatiti yake, zeze la nyuzi nane, ikianza kulia, kabla hata picha haijatokea, madereva wa miwa huacha kutafuna. Na ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Waigizaji tunawajua mpaka viatu vyao. Yeye tulimjua kwa jina dogo linalopita chini mwishoni, wakati watu wameshasimama kutafuta kofia zao.

Wateja wangu wakasema mtu kama huyo haliliwi mbele ya redio. Kwetu ukimpenda mtu unaenda kumzika, basi. Okari, mmoja wao, akatoa lori lake la miwa, vijana wakalifagia, na ikakubaliwa kwamba Jumapili tunaenda Kendu Bay. Mimi nilitaka kubaki nipumzike. Kisha Boaz akasema na yeye anaenda, nikajua sina budi.

Wewe ulikuwa mbali wakati wa ile ajali, hukuyaona yote. Unajua breki zilikataa kwenye mteremko, na unajua tanboi wake Jacktone, aliyekuwa msaidizi wake kwenye lori, alikufa papo hapo. Usilojua ni kwamba Jacktone alizikwa Ndhiwa Boaz akiwa kitandani amefungwa plasta mpaka kiunoni, na tangu atoke hospitali, huu ni mwaka wa pili, hajakanyaga kwa mama yake Jacktone. Nimembembeleza. Nimenyamaza. Nimegomba. Anasema atamwangalia vipi yule mama wakati usukani ulikuwa mikononi mwake. Hashiki lori tena. Ananikatia vitunguu, anaangalia mlango, na ukimwita unamwita mara tatu. Kitu pekee alichokuwa akingojea kule wodini ni ule muziki wa saa moja, kwa sababu Jacktone alikuwa akiupiga mluzi njia nzima wakipeleka miwa. Mwanzoni ukianza alikuwa anajifunika shuka usoni. Baadaye akawa anaomba wauguzi waongeze sauti.

Kwa hivyo ukimwona mtu kama huyo anapanda lori kwa miguu yake mwenyewe, hata kama umechoka utapanda pia. Tulipita Rongo, tukapita Homa Bay, makapi ya miwa yakitushika kwenye nguo za kanisa. Kabla ya kufika Kendu Bay tukaona bango kando ya barabara limeandikwa Elkanah Ogola, safari ya mwisho, na mshale. Picha ilikuwa ya mzee mnene aliyevaa tai. Sisi tungejuaje? Tukafuata mshale.

Na hapa ndipo tulipokosea, dada, wala sijui nani mwingine angekosea namna hiyo isipokuwa sisi. Unajua mtu haingii kwenye dala, boma la msiba, akiuliza maswali. Unaingia ukilia. Tulishuka langoni, sisi wanawake tukapiga nduru tukikimbia mbele, wanaume wakatufuata wakiimba, na tukalia vizuri, nakwambia, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na wake wa kumlilia. Tukazunguka nyumba, tukafika kwenye jeneza, tukapewa viti. Viti vilikuwa vingi. Mahema mawili na watu hawajai hata moja. Nikajiambia labda umati ulikuja jana.

Nikaenda nyuma jikoni kusaidia, maana kukaa tu kama mgeni sijui. Nilipokuwa nachambua mchele, mama mmoja wa pale akaniuliza marehemu tulimjulia wapi huko Awendo, kwa sababu ukoo ulidhani hana watu. Nikasema tulimpenda kwa muziki wake. Akaniangalia. Akasema Elkanah huyu alikuwa muuza mbegu kule Kegonga, amekaa huko na mke wake Mkuria miaka mingi, harudi nyumbani, hamziki mtu, na ndiyo sababu na yeye leo hana wa kumzika. Yule wa muziki, akasema, ni Ogola wa upande ule mwingine wa soko, na mazishi yake yana magari mpaka barabarani.

Mchele ulinimwagikia. Nikainuka nikimbie kumwambia Boaz, twende, bado tunawahi. Nilipozunguka kona ya nyumba nikasikia mchungaji akiuliza kama kuna rafiki yeyote wa marehemu mwenye neno. Hakuna aliyesimama. Mjane, anaitwa Pauline, alikuwa amekaa peke yake karibu na jeneza akiangalia mikono yake, na ilionekana wazi kwamba hakutarajia mtu. Kisha nikaona mkono wa Boaz umeinuka.

Lynnet, mume wangu alikuwa hajasema maneno kumi mfululizo tangu ajali. Alishika maikrofoni akasimama hapo na ule mguu wake. Wala hakutaja muziki. Alisema alilala hospitali miezi mingi akiangalia ukuta, na watu walikuja mwanzoni, halafu wakachoka, hata wa nyumbani walichoka. Akageukia jeneza akasema, "Wewe mzee hukunijua, lakini ulikuja kila jioni. Asante. Na unisamehe kwa yote ambayo sikuja kusema mapema." Akalia mbele za watu. Pauline aliinua uso akamtazama kana kwamba anaambiwa habari za mume ambaye hakuwahi kukutana naye.

Nilikuwa nimesimama pale na vumbi la mchele mikononi. Ningeweza kumvuta mmoja wa wateja wangu kando, nikamnong'oneza. Sikufanya hivyo. Jeneza lilipoteremshwa, watu wetu wakaanza kuimba ule muziki wa tamthilia kwa kinywa kilichofungwa, pole pole, na mchungaji akainamisha kichwa, nadhani alidhani ni wimbo wa kanisa la huku kwetu. Vijana wa kufukia kaburi hawakutosha. Wateja wangu wakavua makoti wakachukua majembe, na Boaz naye akachukua, akatupa udongo mpaka shati likalowa. Tulipokuwa tunaondoka Pauline alinishika mikono yote miwili, akasema hakujua kwamba mume wake alikuwa na watu Awendo. Nikasema, "Alikuwa nao, mama." Boaz alilala njia nzima juu ya magunia, usingizi wa mtoto.

Jumatatu jioni televisheni ikaonyesha mazishi ya Elkanah Ogola mwenyewe. Mzee mwembamba, mwenye kipara, uwanja umejaa, kwaya tatu. Halafu mmoja akaanza kulaumu bango, mwingine akamlaumu Okari, mwisho wakacheka ile ya aibu, na wakamwangalia Boaz wakaacha. Boaz alimaliza chai yake akaenda kulala.

Sasa dada, hili ndilo ninalokuandikia, na usimwambie Mama. Ukinihukumu, nihukumu kwa ukweli. Nimemsikia kila mtu akisema kwamba ni heri tulikosea, yule mjane alipata wa kumzikia mume, ni Mungu alituongoza. Nami naitikia. Lakini sikunyamaza kwa sababu ya Pauline. Wala sikunyamaza kwa sababu ya Boaz. Nilinyamaza kwa kuchoka. Nilipomwona analia pale nilijiambia, na alie amalize, hata kama ni jeneza la muuza mbegu, bora nirudi nyumbani na mume na si kivuli chake. Nilimwacha amshukuru mtu asiyemjua na aombe msamaha mahali pasipo pake, ili mimi nipumzike.

Jana asubuhi nikashindwa kuendelea kukaa nayo. Alikuwa anakata vitunguu. Nikamwambia kwamba nilijua kutoka jikoni, kabla hajasema neno, na kwamba tungeweza kuwahi yale mazishi mengine, na kwa nini nilinyamaza nikamwambia vilevile, bila kupaka sukari. Aliendelea kukata mpaka nikadhani hakunisikia. Nilingoja anitukane, na nilikuwa tayari.

Aliweka kisu chini. "Rispa," akasema, "yule mjane wa Kendu Bay alinipa kiti. Mimi simjui, yeye hanijui, nimeingia kwake kwa makosa, na akanipa kiti na chakula. Basi min Jacktone, mama aliyemzaa Jacktone, ambaye ananijua, mimi ninaogopa nini?"

Akaniambia Jumapili tunaenda Ndhiwa, nitafute jogoo, sukari na unga, na tukifika langoni nisilie kwa niaba yake, atalia mwenyewe. Miaka miwili nimeomba neno hilo, na sasa limekuja ni mimi ninayeogopa, kwa sababu mama yule anaweza kutufungia mlango, na atakuwa na haki yake. Jogoo nimeshampata. Amefungwa mguu hapa chini ya meza.

Nisalimie shemeji sana, na umwambie Liz mama yake mdogo anamkumbuka. Mama anakusalimu, ananiuliza kila siku kama umepanga kuja Desemba. Utuombee Jumapili asubuhi, hata kama uko zamu.

Ni mimi mdogo wako,
Rispa.