Chupa ya Giza

4 Mei

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakuambia yote bila kuficha, hata yale ambayo mama kanikataza. Sisi wazima. Goti la mama linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi haujambo: asubuhi hii amewatangazia majirani kwamba mwanawe ndiye anayeendesha maabara nzima. Wewe hujambo? Amenikataza nisikuulize kwa nini barua zako zimekuwa fupi. Basi sijauliza.

Yale maharage yameota vizuri. Sanduku moja liko juani, jingine chini ya gunia, la tatu nililifunika kabisa. Nimefanya ulivyonifundisha: jani likikatwa tu, linaingia kwenye spiriti ya moto, maana ukichelewa linaanza kula mafuta yake lenyewe. Dereva wa lori la mboga atakukabidhi chupa tatu: JUA, KIVULI na GIZA. Tafadhali nipimie mafuta ya utando wa kloroplasti, zile chembe za kijani zinazonasa mwanga. Mwalimu wa Biolojia amesema nikipata majibu ya maabara nitasimama mbele ya majaji siku ya maonyesho ya sayansi, na atakayeshinda ataingia shule ya bweni ya sayansi. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Mdogo wako

19 Mei

Profesa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila usingizi haba. Bosi yuko palepale na kelele zake zilezile. Mwambie mama achue goti kwa maji ya uvuguvugu na aache kunitangaza mtaani.

Chupa zako nimezipima zote tatu. Hongera! Jani la kivulini limerundika tando nyingi, kama mashuka yaliyokunjwa kabatini, ili linase mwanga mdogo linaoupata. Kwa hiyo yale mafuta yenye sukari yanayojenga tando ni mengi. Ya juani yamepungua. La gizani tando zimeanza kubomoka. Namba nimeziandika kwenye karatasi ya pili. Zimetoka kama za kitabuni kabisa.

Kaka yako

23 Mei

Kaka,

Shikamoo. Natumaini usingizi umerudi. Huku sote wazima. Mwalimu alifurahi hadi akanikalisha kwenye kiti chake.

Niulize kidogo tu. Ile chupa ya GIZA ilifika nzima? Kizibo chake kilinitia wasiwasi. Na spiriti yake ilikuwa na rangi gani? Usinione msumbufu. Mwalimu anasema kupima mara moja hakutoshi, kwa hiyo natuma chupa mbili nyingine, JUA na KIVULI. Zipime kama ulivyopima zile.

Mdogo wako

6 Juni

Profesa,

Marahaba. We mtoto, una maswali kuliko askari wa zamu! Sijambo, nashukuru. GIZA ilifika nzima, kizibo kilikaza hadi nikakifungua kwa koleo. Spiriti ilikuwa kijani hafifu. Haya, umeridhika?

Hizi mbili nazo ni vilevile: mafuta ya KIVULI yanakaribia mara mbili ya JUA. Mwambie mwalimu wako sasa apumue. Na wewe siku hiyo usitazame chini. Ongea kama unavyonigombeza mimi.

Kaka yako

9 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, goti limepoa. Hajui kama naandika.

Chupa ya GIZA haikuja kwako. Niliikuta nyuma ya pipa la maji nilipokuwa nafagia, siku ileile barua yako ya majibu ilipofika. Ilisahaulika wakati dereva anapiga honi. Nikakutetea moyoni: labda amechanganya na chupa za watu wengine, labda amechoka. Nikashindwa kula.

Ndiyo maana nikatuma zile mbili. Kaka, lilikuwa jani moja. Nililipasua kando ya mshipa wa katikati, nusu nikaiandikia JUA, nusu KIVULI. Zilikatwa kwa wakati mmoja, zikaingia spiriti ya aina moja. Nusu moja haiwezi kuwa na mafuta mara mbili ya mwenzake.

Nimeona aibu kukutega. Lakini namba zile zilikuwa zibandikwe ukutani na jina langu juu yake. Jana nimemwomba mwalimu anirudishie karatasi zako. Akauliza, "Maabara imekosea?" Nikasema, "Sijui, mwalimu." Akanitazama sana. "Ukisimama bila namba, wenzako watakupita." Nikamwambia nitasimama na nilichokiona kwa macho yangu: jani la kivulini ni pana na jembamba, la juani ni dogo na nene, la gizani limegeuka manjano. Na nitasema wazi kwamba mafuta yake hayajapimwa. Huenda nisishinde. Bado naomba nishinde.

Kama mashine imeharibika, niambie. Kama umegombana na bosi, niambie pia, sitamfikishia mama. Wewe ndiye uliyenionyesha jani kwenye darubini nikiwa sijajua hata kuandika jina langu, na kwa hilo sina kinyongo na wewe, ila nimeogopa.

Dereva nimemsihi akusubiri palepale stendi anapokukabidhi mizigo yangu, hadi umalize kuandika, amekubali. Sitaki karatasi ya namba. Mistari miwili inanitosha. Kaka, asubuhi ukitoka nyumbani, unakwenda wapi?

Mdogo wako