Maji Yanayorudi na Moto Wake

Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini magoti yamekupa nafuu, na ile migomba yenye mnyauko mmeshaing'oa. Mimi mzima, ila nimechoka kwelikweli. Naandika kwa sababu nimejaribu simu mara mbili, na nikishasikia sauti yako nasema mengine. Ni habari ya harusi ya Adella, na mimi kusimama mahali pa marehemu Baba.

Unajua kazi yangu hapa Poland ni kulipasha joto jengo la orofa tisa. Boila inapasha maji, pampu inayasukuma, yanapita kwenye vyuma vya ukutani kila chumba na kuacha joto lake humo, kisha yanarudi chini yakiwa vuguvugu. Yakirudi ya moto, ujue yamepita njia ya mkato na kuna watu hawakupata kitu.

Hilo nililijua. Lakini orofa ya kwanza kuna bibi mmoja anayeshinda ndani na koti. Akaniambia, "Kijana, miguu yangu haijapata joto tangu juzi." Mama, wewe ndiye uliyenilea hivyo: mzee haendi kuoga kabla hujachungulia beseni lake na kumwongezea maji ya moto. Nikafungua mpaka mwisho koki ya vyuma vyake. Jirani yake akaomba, naye nikamfungulia. Kufika Ijumaa nilishawafungulia karibu wote wa chini, najiona mtu mwema.

Jumatatu watu wa orofa ya tisa wakashuka. Mmoja ana mtoto mchanga, na siku tatu alikuwa akimpasha joto kwa oveni ya jikoni. Msimamizi wangu hakubishana na mtu. Alishika bomba la maji yanayorudi, akatoa mkono haraka.

"Moto huu ulikuwa wa nani?" akaniuliza.

Likizo yangu ya kuja harusini imefutwa. Napita nyumba kwa nyumba, nafunga koki kidogo, nangoja, napima, narudia, na itakuwa hivyo mpaka baridi iishe. Nilianza na yule bibi. Alinitazama nikimpunguzia, akafunga vifungo vya koti lake. Niliona aibu mbele yake kuliko mbele ya msimamizi.

Nimewaeleza wakubwa wa kazi kwamba baba hayupo na mimi ndiye kaka mkubwa. Hawaelewi kwa nini mwingine asisimame. Na nikimkumbuka yule mtoto, Mama, hata kuwalaumu nashindwa.

Basi Baba Mdogo ndiye amkabidhi dada yangu Adella. Nisalimie yeye na mkewe, Mama Mkubwa wa Kaisho, katekista wetu, na Mzee Hamisi wa dukani.

Najua Adella atataka kungoja. Ameshaisogeza harusi mara mbili kwa ajili yangu, na mchumba wake amevumilia vya kutosha. Safari hii mkatalie. Mwambie aliyekataa ni mimi, si wewe. Akilia, mwache alie, kisha mpelekeni kanisani.

Mwanao akupendaye,
Respicius